Zimwi Likirudi Mara ya Pili: Kicheko na Woga katika Filamu Stree 2



Nani kati yetu hakusikia hadisi ya zimwi na watoto waliobaki peke yao nyumbani? Mama anakwenda shamba. Anawaambia watoto: mufunge mlango, musifungulie mtu mpaka musikie wimbo wangu. Zimwi linasikiliza nyuma ya migomba. Mama akiisha kwenda, linakuja, linaimba. Lakini sauti yake ni nzito, sawa chura ndani ya mtungi. Watoto wanacheka: "Weye si mama, jiendee!" Zimwi linakwenda kutengeneza sauti. Wengine wanasema lilimeza chuma cha moto, wengine wanasema lilikwenda kwa mganga. Kiisha linarudi. Mara hii sauti ni nyororo, ni ya mama kabisa. Na wale waliocheka ndio wanaofungua mlango.

Tunaanza na hadisi hiyo, hata kama makala yetu ni juu ya filamu ya India. Kwanza, hadisi hiyo ina sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na kila mtu aliyeisikia usiku karibu na moto anajua kwamba sehemu ya pili ndiyo inayokaza tumbo. Pili, filamu tunayotaka kuichungua imezaliwa na masimulizi ya jamaa moja na yetu: mlango, usiku, na sauti inayoita jina la mtu.

Filamu hiyo ni Stree 2. Ilitoka India tarehe 15 Agosti 2024, siku ya uhuru wa inchi ile. Mwongozaji ni Amar Kaushik, mwandishi ni Niren Bhatt. Ni mwendelezo wa filamu Stree ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Kaushik vilevile. Ilikuwa kati ya filamu za Kihindi zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote katika mwaka ule. Sisi tuliitazama pamoja, wanachama na jamaa zao, watu kama ishirini, kijana mmoja akitufasiria maneno kwa sauti. Inachukua karibu saa mbili na nusu. Hakuna aliyelala, hakuna aliyetoka inje kuzungumza, hata wazee ambao kwa kawaida wanasema "filamu ni mambo ya watoto". Tukajiuliza: ni kitu gani kilichotushika namna ile mpaka mwisho? Maana sote tunajua mwendelezo ni kazi ya hatari. Chakula kilichopashwa moto mara ya pili hakina tena harufu ya kwanza.

1. Mlango unaoandikwa

Tueleze kwanza asili ya jambo. Katika mji wa Bangalore, kusini mwa India, katika miaka ya 1990, kulienea habari ya mzimu wa mwanamke anayegonga milango usiku, akiita kwa sauti ya ndugu wa nyumba ile. Anayefungua, anakufa. Watu wakapata dawa: waliandika juu ya mlango maneno mawili ya Kikannada, Naale baa, ni kusema "kuja kesho". Mzimu anafika, anasoma, anatii, anaondoka. Kesho yake anafika tena, anasoma tena kwamba aje kesho. Na kesho, kama tunavyojua, haifiki hata siku moja.

Dawa hii inachekesha na kutisha wakati uleule. Inachekesha, sababu mzimu mwenye nguvu ya kuua anashindwa na maandishi ya chaki. Inatisha, sababu mzimu hakufukuzwa, aliahirishwa tu. Kila usiku bado yuko mlangoni. Wenye filamu hawakubuni mchanganyiko wa kicheko na woga. Waliukuta tayari ndani ya masimulizi ya watu, wakauheshimu.

Filamu ya kwanza ilihamisha habari ile mpaka Chanderi, mji mdogo wa jimbo la Madhya Pradesh unaojulikana kwa vitambaa vyake vya sari. Jambo hili si la bure. Shujaa wake, Vicky, anayechezwa na Rajkummar Rao, ni fundi wa kushona nguo za wanawake, mwenye kipaji cha kupima mteja kwa macho tu. Kila mwaka, katika siku nne za sherehe ya ibada, mzimu anayeitwa Stree, ni kusema "Mwanamke", anakuja kuchukua wanaume. Anawaita kwa majina yao. Asubuhi wanakuta nguo tu chini. Basi Chanderi yote inaandika ukutani: Ewe Mwanamke, kuja kesho.

Angalieni kitu kilichogeuzwa hapo. Katika mji ule, katika siku zile nne, ni wanaume wanaoogopa giza. Ni wao wanaoambiwa wasitembee peke yao, wasichelewe, wasigeuke mtu akiwaita njiani. Wanawake wanatembea bila wasiwasi na kuwaonea waume zao huruma. Kicheko cha filamu ya kwanza kinatoka hapo: wanaume wanaonjeshwa kwa siku nne woga ambao wanawake wanaishi nao mwaka mzima. Tena mzimu mwenyewe ana adabu kuliko wao. Anajua kusoma, na hamchukui mtu kwa nguvu. Anaita kwanza, anangoja mtu ageuke.

2. Deni la sehemu ya kwanza

Kosa la miendelezo mingi ni hili: inachukua kitu kilichopendwa mara ya kwanza, inakirudia kwa sauti kubwa zaidi. Kama mara ya kwanza mzimu mmoja, mara ya pili mizimu mitano. Mtazamaji anacheka kidogo kwa ukumbusho, kiisha anaanza kuangalia saa.

Stree 2 ilifuata njia ingine. Iliuliza: ile dawa ya mara ya kwanza, ilileta matokeo gani?

Tukumbuke mwisho wa ile ya 2018. Vicky na rafiki zake hawakumuua Stree. Walijifunza habari yake: alikuwa kahaba aliyependwa na mwanaume mmoja aliyekubali kumwoa, na mji uliwaua wote wawili. Kitu alichokuwa anatafuta ni mapendo na heshima. Wakamkata suka la nywele, mahali palipokuwa na nguvu yake. Mwaka uliofuata alirudi, akakuta mji umemjengea sanamu, na maneno ya ukutani yamebadilishwa. Hayasemi tena "kuja kesho". Yanasema: Ewe Mwanamke, utulinde. Akasoma, akajiendea kwa amani. Mtazamaji alitoka na furaha: mji umetubu, mambo yamekwisha.

Sehemu ya pili inatuambia kwamba mambo hayakwisha. Kumbe Stree, alipokuwa anatisha mji, alikuwa pia anauzuia ubaya mwingine. Zamani kulikuwa na mkubwa wa Chanderi, mwanaume mkali aliyechukia wanawake wasiomtii, na ndiye aliyekuwa nyuma ya kifo chake. Stree, akiisha kuwa mzimu, alimkata kichwa. Sasa Stree ameondoka, na yule anarudi: Sarkata, mtu asiye na kichwa, na kichwa chake kinatembea peke yake mbali na kiwiliwili. Yeye hachukui wanaume. Anachukua wasichana, hasa wale wenye kujiamulia maisha yao, wenye kusoma, wenye kuvaa wanavyotaka.

Mnaona ujanja? Hatari mpya haikuanguka kutoka mbinguni. Iliingia kwa tundu lililofunguliwa na wokovu wa kwanza. Ni sawa zimwi la hadisi yetu: watoto walidhani wamelishinda kwa kulicheka sauti, kumbe kwa kulicheka wamelionyesha kasoro yake. Walilifundisha namna ya kurudi.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya sisi kubaki tumekaa. Mtazamaji wa filamu hii haulizi tu "kutatokea nini?" Anauliza pia "je, sisi tuliofurahi mara ya kwanza, tulifurahi bure?" Anajisikia mwenye deni, na mwenye deni halali mapema.

3. Anayechekwa ni nani?

Lakini kwa kugeuza hivi, waandishi walijitia katika shida kubwa, na hapa ndipo kazi yao inastahili kusifiwa. Mara ya kwanza, kumcheka mwanaume mwenye kukimbia usiku kulikuwa rahisi. Mwenye nguvu akionja woga, watu wanacheka. Mara ya pili wanaochukuliwa ni wanawake. Msichana akichukuliwa usiku, kicheko kitatoka wapi? Hakuna kitu cha kugeuza hapo. Ni mambo ya kila siku, yakivaa kofia ya mzimu.

Na kwetu jambo hili ni zito zaidi. Katikati ya filamu, watu wakicheka sana, mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti ndogo: "Munacheka nini? Kwetu, bakigonga mulango usiku hatuchekake." Chumba kilinyamaza. Alikuwa na haki. Hapa Kivu kuna watu wengi ambao kwao habari ya mlango uliovunjwa na binti aliyechukuliwa si hadisi. Ni jambo wanalojua tarehe yake. Basi tukaendelea kutazama kwa macho mengine, tukichunguza kila kicheko: kinamwangukia nani?

Tuliona kwamba filamu haiwachekeshi watu juu ya wasichana waliochukuliwa. Kicheko kimehamishwa. Sasa kinawaangukia wale wanaojiita walinzi. Vicky aliitwa mwokozi wa Chanderi mara ya kwanza, na jina lile limemvaa sawa koti la kaka mkubwa: mikono imezidi. Bittu, rafiki yake, anayechezwa na Aparshakti Khurana, ana majivuno na wivu mpaka siku mchumba wake mwenyewe anachukuliwa. Jana, anayechezwa na Abhishek Banerjee, ni mwoga wa kweli, na kwa bahati mbaya yake ndiye mwenye kipaji cha kusikia njia ya mzimu, kwa hiyo yeye asiyetaka kwenda ndiye anayetangulizwa. Na Rudra, mzee wa vitabu, anayechezwa na Pankaj Tripathi, anaeleza kila jambo kwa ufasaha mkubwa, hata yale asiyoyajua.

Wanne hawa wana namna nne za kuogopa. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalofanya mchezo usichoshe. Kama wote wangepiga kelele namna moja, kicheko cha tatu kingekuwa kimekufa. Hapa mmoja akiogopa ananyamaza, mwingine anakasirika, mwingine anakimbia, mwingine anatoa hotuba. Mtazamaji akiona giza linakuja, anaanza kungoja: huyu sasa atafanya nini? Na akiwa bado anamwangalia yule wa hotuba, mkono wa Sarkata unatokea.

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya kicheko katika filamu hii. Tulizoea kufikiri kwamba kichekesho ni mapumziko: watu wameogopa sana, basi tuwape nafasi ya kupumua. Filamu mbaya zinafanya hivyo: dakika kumi za woga, dakika kumi za mchezo, sawa mtu anayekula wali leo na mboga kesho. Katika Stree 2 kicheko ndicho kinachofungua mlango. Mtu anayecheka ameacha kujilinda. Ameinua kichwa, amefunga macho kidogo. Woga ukimkuta katika hali ile, unamwingia mpaka ndani. Na kwa upande mwingine, yule aliyeshtuka sana, kitu kidogo tu kitamchekesha. Kimoja kinamsukumia kingine mpira, na mpira haushuki chini.

4. Kamba zinazovuta

Kuna kamba zingine zinazovuta hamu yetu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kamba ya kwanza ni kitabu. Rudra ana kitabu cha habari za mji wa Chanderi, lakini kurasa fulani zilipotea. Katika sehemu ya pili kurasa zile zinamfikia kwa barua. Mzee yeyote wa kwetu atatambua mambo haya. Mji unadhani unajua historia yake, lakini ukurasa uliopasuliwa ndio wenye jina la mkosaji. Kila ukurasa ukipatikana, mambo tuliyoyaona mara ya kwanza yanabadilika maana. Hivyo filamu haituongezei tu mambo mapya. Inatulazimisha kusoma upya yale ya zamani.

Kamba ya pili ni jina. Mwanamke anayempenda Vicky, anayechezwa na Shraddha Kapoor, hakutajwa jina katika filamu ya kwanza. Anafika siku za sherehe, anapotea, haonekani na watu wote, na mwisho tulimwona akichukua lile suka la Stree na kuliunganisha na nywele zake. Ni mtu? Ni mzimu? Ni rafiki? Rafiki za Vicky wanamcheka: umependa mtu usiyemjua hata jina! Mzaha huu unarudi mara kwa mara, na kila unaporudi una uzito zaidi, maana katika mji ambapo mizimu inaita watu kwa majina, mtu asiye na jina ndiye asiyeweza kuitwa. Karibu na mwisho tunajua kwamba yeye ni binti wa Stree. Kiisha anamnong'oneza Vicky jina lake katika sikio, na sisi watazamaji hatulisikii. Chumba kizima kilipiga kelele kwa hasira na kicheko. Hiyo ndiyo akili ya msimulizi anayejua kukata hadisi mahali panapouma.

Kamba ya tatu ni ugonjwa wa Sarkata mwenyewe. Haishii kuchukua wasichana. Anawaingia wanaume wa mji, anawapumbaza, na wao wanaanza kuwafungia wake na dada zao ndani ya nyumba. Hapa filamu inatisha bila kuonyesha damu. Mzimu aliye inje ya mlango, mtu anaweza kuandika ukutani "kuja kesho". Lakini kama ameishaingia katika baba wa nyumba, maandishi yataandikwa juu ya mlango gani? Tulitazamana. Watoto hawakuelewa, walicheka macho ya wale wanaume yaliyobadilika. Wakubwa hawakucheka.

Na dawa ya mwisho inafuata njia ileile. Inasemekana Sarkata hawezi kushindwa na mwanaume wala na mwanamke, ila na yule aliye vyote viwili. Roho ya binti yule inaingia ndani ya Vicky, nao wanapigana wakiwa mmoja. Yule fundi aliyejua kupima mwili wa mwanamke kwa macho, sasa anamchukua mwanamke ndani ya mwili wake. Kazi ya mtu, iliyoanza kama mzaha katika filamu ya kwanza, imepata maana.

5. Mahali filamu inapochoka

Mchunguzi asiyeona kasoro ni mpiga debe. Na sisi tuliona kasoro.

Kwanza, wageni ni wengi. Mtu-mbwamwitu wa filamu Bhediya ya mwaka 2022 anafika kusaidia vitani, sababu kampuni ile inataka kuunganisha filamu zake zote ziwe ukoo mmoja. Mwigizaji maarufu Akshay Kumar naye anapita kidogo kama mjukuu wa ukoo wa Sarkata. Watazamaji wa India walipiga makofi, tunaamini. Lakini mtu asiyewajua wageni hawa anajiona sawa mtu aliyealikwa ndoa, kiisha ukoo usiomhusu unaanza kujadili mambo yao. Mwendelezo wenye nguvu unalipa deni la hadisi yake mwenyewe. Ukianza kutangaza hadisi za jirani, unafungua duka.

Pili, kuna ngoma ya mwanamke Shama, anayechezwa na Tamannaah Bhatia. Katika hadisi, ngoma ile ni chambo cha kumvuta Sarkata, na wimbo wake, kazi ya Sachin na Jigar, ulipendwa mno. Lakini kamera inamwangalia kwa jicho lilelile ambalo filamu inalilaumu. Inatuambia "msiwatazame wanawake hivi", na dakika ileile inatuambia "tazameni". Wengine kati yetu walijibu kwamba huo ndio mtego, sisi pia tunavutwa pamoja na Sarkata. Ni jibu la akili. Hatukushawishika wote.

Tatu, vita ya mwisho ni ndefu, ya moto na kelele na mambo ya kompyuta. Pale mashini inapofanya kazi nyingi, uso wa mwigizaji unafanya kazi kidogo. Kichwa chenye kuruka kilitutisha zaidi pale mwanzoni, tulipokuwa hatujakiona vizuri. Na dada mmoja wa chama aliuliza swali ambalo bado linatukaa: juu ya nini mwanamke, ili ashinde, lazima aingie katika mwili wa mwanaume? Juu ya nini si Vicky aliyeingia katika wake?

Hata hivi, kasoro hizi hazikuvunja hamu. Filamu ilikuwa imetukamata tayari kwa kamba zingine, na kamba zile hazikukatika.

6. Na hadisi zetu?

Wasomaji watauliza: mambo ya Chanderi yanahusu nini kijitabu cha mila zetu?

Tutasema ukweli. Tangu muda mrefu chama chetu kinakusanya hadisi za jioni, zile ambazo katika lugha kadhaa za Kivu zinaitwa migani. Tunakwenda kwa wazee, tunasikiliza, tunaandika. Na tulipokuwa tunasafisha maandishi yetu ili yachapwe, tulikata mambo mengi. Tulikata matusi madogo ya sungura. Tulikata pahali bibi anaiga sauti mbaya ya zimwi na watoto wanaanguka kwa kicheko. Tulikata jibu la watoto. Tulisema: hayo ni mizaha, hayafai katika kitabu, kitabu kinataka mafundisho. Tukabakiza hadisi yenye woga na funzo mwishoni: watoto, mutii wazazi.

Kiisha tuliwasomea vijana wa shule hadisi ile iliyosafishwa. Walisikiliza kwa adabu, sawa mtu anayesikiliza tangazo la mkutano. Hakuna aliyeogopa. Tulisema vijana wa leo wameharibika, wanataka televizyo tu.

Stree 2 imetuonyesha kwamba kosa lilikuwa letu. Tulipokata kicheko, tulikata na woga. Zimwi linatisha linaporudi na sauti nzuri kwa sababu tulilicheka lilipokuja na sauti mbaya. Bila kicheko kile, kurudi kwake si kurudi, ni kufika tu. Bibi zetu walijua mpango huo bila kwenda katika shule yoyote ya sinema: kwanza uwachekeshe, waache mlango wazi, ndipo uingie. Na funzo la mwisho linaingia pamoja naye.

Tena kuna lile neno la yule mama, ambalo hatutaki kulipita. Je, inafaa kucheka juu ya mlango unaogongwa usiku, katika inchi ambapo milango iligongwa kweli? Baada ya filamu tulimwuliza tena, kwa heshima, kama tulimkosea. Alifikiri kidogo, akasema: "Bwoga niko nao zamani. Ile bile banaume banakimbia na vitabu byabo, ile ndiyo nimecheka." Hatujui kueleza vizuri kuliko yeye. Kicheko kikimwangukia aliyeumizwa, ni ubaya wa pili. Kikimwangukia anayejiita mlinzi, mkubwa, mwenye kitabu, yule ambaye saa ikifika anakimbia wa kwanza, hapo aliyeumizwa anaweza kucheka pamoja nasi, na pengine kulala.

Kwa hiyo tumepatana jambo moja. Hadisi zilizokwisha kukatwa tutazirudia. Tutarudi kwa wazee walewale, wale walio bado hai, tutawaomba watuambie tena pahali watu walipokuwa wanacheka, walikuwa wanamcheka nani, na watoto walikuwa wanajibu nini. Tutaandika pia ile sauti mbaya ya zimwi, hata kama hatujui bado kwa herufi gani. Mtu yeyote kati ya wasomaji ambaye bibi yake alikuwa anaiimba, aje atuimbie. Mlango uko wazi, na tunaomba aje leo.